JINA LA AZANIA NI LA NANI?

Kila siku mjini Dar es Salaam jina la Azania hutajwa na watu wasiohesabika. Lipo shule ya sekondari, lipo kanisa la Kilutheri linaloikabili bandari, lipo benki. Lakini ukimwuliza mpita njia maana yake, aghalabu atacheka tu. Sisi twaona si jambo la kuchekwa, maana wako watu waliolibeba jina hilo katika mapambano na uhamishoni.

Jina lenyewe ni la kale. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani, aliiita Azania pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Alieleza biashara ya pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Soko la mwisho alilitaja kuwa ni Rhapta, mji uliopata jina lake kwa mashua zilizoshonwa kwa kamba. Anayeikumbuka mitepe ya mababu zetu hataona ajabu. Hata hivyo aliyeandika alikuwa mgeni. Wenyeji hawakuulizwa wanajiitaje.

Kwa kuwa jina halikuwa na mwenyewe, kila mtu alijitwalia. Mwaka 1932 mwandishi wa Kiingereza, Evelyn Waugh, alilipa kisiwa cha kubuni katika riwaya yake ya dhihaka. Mwaka 1966 lilitokea jarida la wataalamu wa mambo ya kale lililoitwa vivyo hivyo. Mwaka 2011 baadhi ya viongozi wa Kisomali walitangaza kwamba Jubaland itaitwa Azania.

Lakini walioupa neno hili uzito ni ndugu zetu wa PAC, chama kilichoundwa mwaka 1959 chini ya uongozi wa Robert Sobukwe. Katika miaka ya 1960 waliiita nchi yao Azania, na kwa muda mrefu walikuwa na makao yao hapa Dar es Salaam. Wafuasi wa fikra za Steve Biko nao walilishika walipounda AZAPO mwaka 1978. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: Afrika ya Kusini ni upande wa dira, si jina la taifa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi, na ile ya mwaka 1936 ikafikisha karibu asilimia 13. Walionyang'anywa ardhi walitaka jina ambalo hawakupewa na mnyang'anyi.

Wako wasemao kwamba Azania ya kale haikufika kusini kiasi hicho. Ni kweli. Lakini Ghana nayo, ilipopata uhuru mwaka 1957, ilichukua jina la dola ya kale iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, wala hakuna amwitaye Mghana mwizi wa jina.

Mwaka 1994 wananchi wa huko walipiga kura kwa mara ya kwanza wakiwa sawa. PAC ilipata asilimia 1 na ushei, na jina la zamani likabaki. Uamuzi huo ni wao, nasi twauheshimu. Lakini kura haikufuta swali lililokuwa ndani ya jina, yaani ardhi ni ya nani. Swali hilo lingali likijadiliwa bungeni na mashambani kwao hadi leo. Jina peke yake halirudishi hata ekari moja. Kazi yake ni kuwakumbusha watu wanachodai.

Basi na sisi, wakazi wa pwani iliyoitwa Azania mwanzo, tuna wajibu wetu. Walimu na wawaeleze vijana kwamba neno wanalolitaja kila asubuhi lilitoka kwa wafanyabiashara wa kale, likapita katika kalamu ya dhihaka, likaishia midomoni mwa wapigania uhuru waliopata hifadhi mjini humu. Anayelijua hilo hatalitaja tena kama jina la kituo cha basi.