Nani Atatia Kiraka Kompyuta za Umma?

Aliyekulia katika nyumba ya tembe hapa Singida anaijua kazi inayofanyika kabla ya masika. Jua la kiangazi limekwisha kulipasua paa la udongo, na mvua haiko mbali. Mtu hupanda juu na udongo uliokandwa, akaziba ufa mmoja baada ya mwingine. Hakuna anayeiita kazi hiyo mradi, wala hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuizindua. Lakini paa ambalo halikuzibwa hujulikana usiku wa mvua ya kwanza, mtama unapolowa na watoto wanapohamishwa kutoka kona hii hadi ile.

Niliikumbuka kazi hiyo hivi karibuni katika ofisi moja ya umma mkoani humu, nilikokwenda kufuatilia hati ya ndugu yangu. Mara mbili katika muda mfupi, kompyuta ya mtumishi aliyenihudumia ilimwomba aruhusu masasisho ya mfumo endeshi. Mara zote mbili aliahirisha. Nilipomuuliza ameahirisha tangu lini, alicheka. “Mwalimu, bando hili nimenunua kwa fedha yangu. Nikiruhusu litakwisha kabla ya saa nne, na watu hawa nitawahudumia kwa nini?”

Simlaumu mtumishi huyo. Alikuwa na foleni mbele yake, na alichagua kuwahudumia watu. Swali langu ni kwa walio juu yake: inakuwaje usalama wa taarifa za wananchi ukategemea bando la mtumishi mmoja?

Tuelewane kwanza kuhusu kiraka chenyewe. Mfumo endeshi umeandikwa na binadamu, kwa mamilioni ya mistari ya maelekezo, na hauwezi kukosa makosa. Baadhi ya makosa hayo ni nyufa anazoweza kupita mwizi. Mtengenezaji akiugundua ufa, hutoa kiraka cha kuuziba. Hata hivyo, siku kiraka kinapotolewa, habari za ufa huwafikia mwenye nyumba na mwizi kwa pamoja. Wahalifu hukichambua kiraka ili wajue kinaziba nini, kisha huwasaka wale ambao hawajaziba. Ndiyo maana kila siku ya kuahirisha ina hatari kubwa kuliko siku iliyotangulia.

Dunia ililiona jambo hili mwaka 2017. Tarehe 14 Machi, Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu mkubwa katika Windows. Mwezi mmoja baadaye, kundi lililojiita Shadow Brokers lilianika hadharani zana ya kuutumia udhaifu huo, zana iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ambalo liliufahamu ufa huo na kuuficha kwa faida yake. Tarehe 12 Mei, programu hasidi iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili na kudai kikombozi. Tangu kutolewa kwa kiraka zilikuwa zimepita siku 59.

Nchini England, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazosimamia huduma za afya za umma zilivurugika, na ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo alibaini kuwa nyingi ya kompyuta zilizoambukizwa zilitumia Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa na ilikuwa na kiraka tayari. Hapo nasisitiza: dawa ilikuwapo, na nchi ilikuwa tajiri. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa kama dawa imetumika.

Je, sisi tuko wapi? Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Taasisi tunazo pia: Mamlaka ya Serikali Mtandao, na TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, ambayo hutoa tahadhari kuhusu udhaifu mpya. Lakini tahadhari haipandi juu ya paa yenyewe. Lazima awepo mtu, kule Manyoni, Ikungi, Kiomboi au Nduguti, ambaye kazi yake ni kuipokea na kuitekeleza, naye awe na intaneti na muda wa kufanya hivyo.

Ugonjwa wetu ni kupenda uzinduzi kuliko matunzo. Kompyuta mpya hukabidhiwa mbele ya kamera, na baada ya hapo huachwa zizeeke kimya kimya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine ambazo hazikuhamishwa, wala kuingizwa katika mpango wa nyongeza ya muda, hazipokei tena viraka vya usalama. Ni ngapi katika ofisi zetu? Diwani yeyote ana haki ya kuuliza swali hilo.

Wapo watakaosema kuwa masasisho nayo huleta madhara. Ni kweli. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari za ndege zikasimama. Funzo lake ni kukijaribu kiraka katika mashine chache kwanza, na kutunza nakala rudufu za taarifa. Haliwi ruhusa ya kukaa na ufa.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Kila halmashauri iwe na daftari la kompyuta zake, likionesha mfumo endeshi wa kila moja na tarehe ya sasisho la mwisho. Bajeti iwe na kifungu cha matunzo, intaneti ikiwamo, ili mtumishi asinunue usalama wa umma kwa mshahara wake. Afisa TEHAMA aandike taarifa kila robo mwaka, afisa masuuli aisaini, na mkaguzi wa ndani aipitie kama anavyopitia vitabu vya fedha.

Mwanafunzi unayesoma makala haya, taarifa za mkopo wako zimo katika kompyuta ya mtu fulani. Mama aliyejifungulia kituo cha afya, historia yake imo. Mkulima wa alizeti aliyelipa ushuru kwa kumbukumbu namba ya malipo, naye yumo. Wote wamehamishiwa chini ya paa hili bila kuulizwa. Wana haki ya kujua ni nani, kwa jina na cheo, atakayepanda juu na udongo kabla mvua haijanyesha.