Mwacheni Babu Apumzike

Mwambie Mtanzania apunguze chumvi. Hatakubishia kwa sayansi; atakuletea babu yake. Babu alikula nyama yenye mafuta, alivuta tumbaku ya kusokota, alikunywa pombe ya kienyeji, hakuwahi kupimwa presha hata siku moja, na alifariki akiwa na miaka 90 na meno yake yote kinywani. Mzee wa watu amezikwa zamani, lakini kila wiki anafukuliwa kijiweni au baa aje kutetea sahani ya chipsi mayai. Vuka mpaka wa Namanga uingie Kenya, utamkuta huyohuyo, safari hii anaitwa guka.

Sijui hoja ya afya inayopendwa kuliko hii, wala sijui iliyo mbovu kuliko hii. Ubovu wake ni wa aina mbili. Kwanza, shahidi amechaguliwa kwa upendeleo. Pili, hata huyo aliyechaguliwa, akisikilizwa mpaka mwisho, anamgeuka aliyemwita.

Babu aliyefika miaka 90 tunamkumbuka kwa sababu alifika. Kaka zake je? Wadogo zake je? Muulize bibi, kama bado yupo, alizaa wangapi na akakuza wangapi. Katika koo nyingi utatajiwa watoto waliochukuliwa na surua na malaria, kisha utasikia habari za mjomba fulani aliyekwenda shamba asubuhi akiwa mzima, akaanguka ghafla, akazikwa kesho yake, na kikao cha ukoo kikaamua kwamba karogwa. Presha ya mjomba huyo ilikuwa ngapi? Hakuna aliyempima. Ndiyo maana kusema "hakuwahi kuambiwa ana presha" hakuna uzito wowote: asiyepimwa ataambiwa na nani?

Na wasiopimwa bado ni wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao, huku karibu robo ya watu wazima wakiwa nayo. Utafiti wa namna hiyo uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta presha ya kupanda kwa takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Presha haiwashi, haichomi, haikoholeshi. Inakula mishipa, moyo na figo kimyakimya kwa miaka, na wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku upande mmoja wa mwili unapokataa kuamka.

Wafaransa nao wana babu wao, ila kwao ni bibi. Jeanne Calment wa mji wa Arles alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na alikuwa amevuta sigara kwa miongo mingi. Wavutaji wa dunia nzima wanamjua. Wasichopenda kukijua ni habari ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, na ufuatiliaji huo ukaendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kuwa wale walioendelea kuvuta waliishi wastani wa miaka 10 pungufu kuliko wenzao wasiovuta. Hapo tunazungumzia watu waliosoma, wenye kipato, wanaoishi mlango wa pili na hospitali. Bibi mmoja wa Arles hafufui hata daktari mmoja kati ya hao.

Haya, sasa tumpe babu nafasi aseme mwenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha alivyochukua Kavirondo Kusini, eneo la Kisii nchini Kenya. Alipima watu wapatao 1,000. Aliona kuwa presha yao haikupanda kadiri umri ulivyosogea, kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kwa hiyo shabiki wa babu ana haki ya kutabasamu kidogo: wazee wale walikuwa na mishipa ambayo vijana wa leo wangeionea wivu.

Asitabasamu sana. Swali ni kwa nini, na jibu lilipatikana miaka sitini baadaye katika kona hiyohiyo ya Afrika. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Haikuchukua miaka: ndani ya muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulieleza sababu mojawapo. Sodiamu, ile inayotokana na chumvi, ilikuwa imepanda. Potasiamu, inayotokana na mboga, matunda, kunde na viazi, ilikuwa imeshuka ikilinganishwa nayo. Damu ilikuwa ileile, ukoo uleule. Basi la kutoka Kisumu kwenda Nairobi halibadilishi urithi wa mtu. Linabadilisha sahani yake.

Sasa mweke babu mezani pamoja na mjukuu anayemtaja. Babu alikula nyama kwenye sikukuu, harusi na msiba, kwa sababu ng'ombe alikuwa mali kabla ya kuwa kitoweo. Chumvi ilinunuliwa kwa kubanabana, sukari ikawekwa kwa ajili ya mgeni. Ugali wake ulikuwa wa mtama au wa dona, na pembeni palikuwa na mlenda, kisamvu, kunde au dagaa. Shamba alilifuata kwa miguu, mnadani alikwenda kwa miguu, na akitaka kumsalimia shemeji kijiji cha pili, alikwenda kwa miguu pia.

Mjukuu anaamka na supu na chapati mbili. Anapanda bodaboda hadi kituoni, anakaa kwenye daladala, anakaa ofisini, anaagiza chipsi, anazinyunyizia chumvi kabla hajazionja. Soda moja ya kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai zaidi ya 12, na huyu ndiye anayemshangaa mwenzake anayetia vijiko vitatu kwenye chai. Jioni ni nyama choma na kifungu cha chumvi pembeni ya sinia. Nyumbani mchuzi umepikwa kwa kidonge ambacho chumvi ndiyo mara nyingi inayoongoza orodha ya viungo vyake, kisha ukaongezwa chumvi nyingine "ikolee." Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kwenye mishipa ya damu mchovyaji ni mkono wetu wenyewe.

Kwa hiyo mjukuu anataka umri wa babu bila miguu ya babu wala sahani ya babu. Ameurithi ushahidi, akaiacha kazi.

Anayedhani kutembea ni jambo dogo amtafute Jerry Morris. Mwaka 1953 mtafiti huyo alichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka mitaa ya aina moja, walilipwa na kampuni moja, walivuta hewa ileile. Tofauti kubwa ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akidai nauli. Makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na vifo vya ghafla vya moyo kwao vilikuwa pungufu sana. Hakuna aliyekwenda gym. Walikuwa kazini tu.

Mtu akishindwa kwa babu, hukimbilia kwa ukoo: "Kwetu sukari ni ya kurithi, hakuna cha kufanya." Ni kweli kwamba kisukari cha aina ya pili hutembea katika familia. Lakini familia hazirithishani damu tu. Zinarithishana pia sufuria, kipimo cha mafuta na saa ya kula usiku. Na hata pale hatari ya kuzaliwa nayo ilipo, haijamaliza kesi. Nchini Marekani watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikwishaanza kupanda waligawanywa katika makundi. Kundi lililofundishwa kupunguza uzito kiasi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kundi lililopewa vidonge vya metformini lilipunguza kwa asilimia 31. Hayo yalitangazwa mwaka 2002. Watu hao walikuwa tayari wamekaribia ukingoni, na kupunguza uzito pamoja na mazoezi kuliwavuta nyuma kuliko dawa.

Mwisho kabisa, zikiisha hoja zote, huja ile ya nyani: siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Kila mtu ana siku yake. Sawa, lakini nyani hajipaki mafuta viganjani kabla ya kurukia tawi. Na wanaosema hivyo wanajidanganya kwamba kinachobishaniwa ni kifo. Kifo hakibishaniwi. Kinachobishaniwa ni miaka iliyo kabla yake. Kiharusi mara nyingi hakiui papo hapo. Kinamlaza mtu kitandani, kikamwachia binti yake kazi ya kumgeuza, kumlisha na kumwogesha, binti ambaye huenda aliacha biashara yake mjini ili kurudi nyumbani kuuguza. Figo zikifa, ni kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kila wiki, na kiwanja cha familia kinauzwa kulipia. Anayesema "nitakula ninachotaka, kufa kupo" anasema kana kwamba hati ya kulipa haitaandikwa jina la mtu mwingine.

Wapo pia wahubiri wa afya ambao ni wakali kwa mlaji na wapole kwa kila mwingine, nao siungani nao. Mlinzi wa lindo la saa 12 hawezi kuambiwa tu "fanya mazoezi" halafu mhubiri akaondoka. Barabara nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hazina njia ya waendao kwa miguu, na pale ilipo pameegeshwa magari. Viwanja vya wazi ambako watoto walicheza mpira vimemezwa na majengo. Soda imefika hadi kijiji ambacho maji safi hayajafika. Serikali zina kazi yao, na inafanyika ikitakiwa: Afrika Kusini iliweka kwa sheria ukomo wa chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya viwandani, ukaanza kutekelezwa mwaka 2016, kisha mwaka 2018 ikaanza kutoza kodi ya sukari kwenye vinywaji. Wabunge wetu wanaweza kuulizwa wanangoja nini. Lakini hakuna mbunge anayeshika kikebe cha chumvi mezani kwako, na kungoja sheria ndipo upunguze ni kumtafuta babu mwingine wa kujificha nyuma yake.

Wala usiniambie umechelewa. Wale madaktari wa Uingereza walitufundisha na hilo: aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 alijiongezea miaka kama 3 ya kuishi, aliyeacha na 50 alipata kama 6, aliyeacha na 40 kama 9. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha alipoona takwimu zake, akaishi hadi miaka 92.

Nenda zahanati kapime presha wiki hii. Ikiwa chini ya 140 kwa 90, linda ulichonacho. Ikifika hapo au kuzidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, fuata maelekezo ya daktari, na ukiandikiwa dawa usiiache siku unapojisikia vizuri, kwa sababu presha inaweza kuwa juu hata unapojisikia vizuri. Kisha toa chumvi mezani, rudisha mboga kwenye sahani, na shuka kituo kimoja kabla ya kwenu. Hayo yote hayahitaji ruhusa ya ukoo.