"Malaika" ni Wimbo wa Nani?

Katika mijadala ya wapenzi wa muziki wa Afrika ya Mashariki, hakuna swali linalofufuka mara kwa mara kama hili: ni nani aliyetunga "Malaika"? Kila linapozuka, wachangiaji hugawanyika kama mashabiki wa mpira. Wakenya humtaja Fadhili William, Watanzania humtaja Adam Salim, na walio mbali zaidi humtaja Miriam Makeba, ambaye hahusiki na utunzi wake kabisa. Kisha kelele hupoa, na hakuna aliyejifunza neno. Nina maoni kwamba swali hilo limekuwa likiulizwa vibaya, na kwamba sisi tunaoshughulika na ushairi wa Kiswahili tuna istilahi za kuliuliza vizuri zaidi kuliko wanamuziki na wanasheria.

Madai yenyewe ni haya. Kwa upande wa Adam Salim, Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1916, inasimuliwa kwamba aliutunga wimbo huo alipokuwa akiishi Nairobi, mwaka 1945 au 1946, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazazi hawakuridhia, na binti akaozwa kwa mtu mwenye uwezo. Kwa upande wa Fadhili William, Mtaita wa Kenya aliyefariki mwaka 2001, ushahidi si masimulizi bali ni santuri. Yeye na kundi lake la Jambo Boys waliurekodi wimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukarekodiwa tena katika studio ya Equator Sound ya Nairobi, na jina lake ndilo lililokwenda duniani pamoja na sauti yake. Wapo wengine waliojitokeza kudai sehemu, lakini mzozo mkubwa ni wa hao wawili.

Mimi ni Mtanzania, na najua moyo wangu unaelemea wapi. Hata hivyo nakiri kwamba kisa cha Salim, kwa utamu wake wote, si hoja ya kuaminika sana. Maudhui ya wimbo ni kijana asiye na mali anayeshindwa kumwoa ampendaye. Katika miaka ile ya vita na baada ya vita, vijana waliotoka mashambani kwenda Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kutafuta kibarua, wakilala sita chumba kimoja, walikuwa na kisa hicho hicho kwa maelfu. Kulingana kwa maisha ya mtu na maneno ya wimbo hakuthibitishi kwamba yeye ndiye mtunzi. Kinachonifanya nimsikilize Salim ni jambo jingine: dai lake ni la utunzi, ilhali hoja kubwa ya upande wa pili ni ya kurekodi. Kurekodi ni kazi, tena kubwa, lakini si utunzi. Kama nitalazimika kusema, nitasema kwamba naamini maneno yalikuwapo kabla ya mashine ya Equator kuwashwa, na kwamba Fadhili ndiye aliyeupa wimbo mwendo, gitaa na sauti tunayoitambua leo. Bila yeye, huenda ungekufa pamoja na rika lililouimba.

Baada ya hapo wimbo ulitoka mikononi mwao wote wawili. Makeba aliubeba majukwaani kwa miaka mingi, na mwaka 1965 ukaingia katika albamu aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Usha Uthup wa India aliuimba. Mwaka 1981, wakati vijana wa London walikuwa bado wanakaripia magitaa yao kwa mtindo wa panki, kundi la Boney M, lililoundwa Ujerumani ya Magharibi na Frank Farian, lilitoa "Malaika" kwa midundo ya disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akaurudia katika albamu yake ya Logozo. Ni nadra Kiswahili kuimbwa na watu wengi kiasi hicho wasiokijua, na hapo ndipo pana utamu kwa mtu wa lugha.

Chukueni kitenzi cha kuoa, ambacho ndicho uti wa mgongo wa wimbo. Kwa Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Makeba anapoimba peke yake anatumia kitenzi cha mwanamume kwa kinywa cha mwanamke. Ugenini hakuna anayeshtuka. Kwetu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza angepigiwa mstari mwekundu. Lakini je, ni kosa? Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba tungo za wanaume bila kubadili nafsi, na wasikilizaji wa Unguja hawakumsahihisha. Walijua kuwa mwimbaji anaazima kinywa. Kwa hiyo kitenzi kile kinaposikika kwa Makeba ni alama inayotuambia wazi: mwenye maneno haya si mimi. Nashangaa kwamba wanaomdhania Makeba kuwa mtunzi hawajawahi kulisikiliza neno hilo moja.

Au chukueni mahali pale kijana anapomfikiria "kidege" wake. Katika matoleo mengine husikika "nakuwaza", katika mengine "hukuwaza". Nilipokuwa nikifundisha viambishi katika chuo cha ualimu, neno hili la pili lilinisaidia kuliko kitabu chochote. Liandikeni ubaoni peke yake na mwulize darasa lina maana gani. Nusu watasema "hu" ni ya mazoea na "ku" ni ya mtendwa, yaani fulani hukuwaza wewe kila siku. Nusu watasema "hu" ni ukanushi wa nafsi ya pili na "ku" ni ya wakati uliopita: wewe hukuwaza, hukufikiri. Neno moja, mapenzi na lawama. Tena katika maana ya kwanza "hu" haina nafsi, na ni muktadha tu unaotuambia ni nani anayewaza. Sidai kwamba mtunzi alikusudia yote hayo. Lakini badiliko dogo kati ya toleo na toleo si jambo la kupuuzwa na watu wanaojiita malenga. Kila aliyeurudia wimbo aliuhariri kidogo, kwa kujua au kwa kutojua.

Hata jina lenyewe lilipovuka bahari lilipungua. Wageni hulitafsiri kwa maana ya kiumbe wa mbinguni, basi. Kwetu malaika ni pia mtoto mchanga, na ni vile vinyweleo laini vya mwilini. Mswahili anayemwita mpenzi wake malaika ana maana hizo zote kinywani. Katika Kiarabu neno hilo ni la wingi, nasi tukalifanya la umoja na la wingi pamoja. Lugha nayo hurudia nyimbo za wenzake kwa namna yake.

Nirudi kwenye swali. Sisi tunayo maneno mtunzi, mwimbaji na mghani, na kila moja lina kazi yake. Lakini santuri ilikuja na nafasi finyu chini ya jina la wimbo, na aliyeandikwa hapo akawa yote kwa pamoja, hata kwenye mrabaha. Washairi wa zamani walikwisha kuliona tatizo hili na kulipatia dawa. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi alioutunga mwaka 1858, aliweka mwishoni jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka 1275 wa Hijria, vyote ndani ya beti, kwa vina na mizani. Mnakili aliyetaka kuliondoa jina lake ilimbidi auvunje utendi. Na hata pasipo maandishi, jina liliweza kuishi: tungo za Muyaka bin Haji zilidumu vinywani mwa watu wa Mombasa miongo mingi hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na William Taylor, na zilipochapwa kuwa diwani mwaka 1940 bado zilikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana nakasirishwa zaidi na kundi la tatu katika mzozo huu, wale wanaojifanya wasuluhishi kwa kusema kwamba "Malaika" ni wimbo wa jadi. Hapa Mohoro zipo nyimbo za jadi kweli: za jando, za kuvuna mpunga, za kupakia boriti majahazini. Hakuna anayejua zilianzia kwa nani, na hakuna mzee anayedai. Wimbo unaogombaniwa na watu wenye majina, waliozaliwa katika karne ya ishirini, si wa jadi. Kuuita hivyo si upatanishi. Ni kuwanyang'anya wote wawili kwa mpigo, na kila anayeurudia anabaki hana deni kwa mtu. Heri wanaokosea kati ya Salim na Fadhili, kwa kuwa angalau wanakubali kuwa palikuwa na mtu.

Linganisheni na "Jambo Bwana". Them Mushrooms waliutoa mwaka 1982, Boney M wakauchukua na kuutengeneza upya mwaka uliofuata, watalii wakautapakaza hadi ukaonekana kama salamu isiyo na mwenyewe. Hata hivyo jina la Teddy Kalanda Harrison halikupotea, kwa sababu mtunzi na warekodi walikuwa nyumba moja, na jina lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Nawaandikia haya malenga vijana kwa sababu yanawahusu. Mnayatuma mashairi yenu kwenye simu bila jina, mtu wa pili anayasambaza, wa tatu anayaimba kwenye harusi, na wa nne anayarekodi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja usajili. Ni kweli, lakini mbele ya watu bado mtatakiwa kuonyesha kazi ilizaliwa lini na kwa nani. Kijana wa 1945 mwenye gitaa la kuazima hakuwa na mtu wa kumshauri. Ninyi mnaye Mwana Kupona. Katika kikundi chetu cha hapa tumekubaliana kwamba shairi lisilo na ubeti wa tamati wenye jina, mahali na mwaka halisomwi barazani. Vijana walilalamika kwamba jina halikai kwenye mizani. Mmoja mwenye jina la silabi saba alihangaika wiki nzima, kisha akaligawa katika vipande viwili, nusu kwenye ukwapi na nusu kwenye utao. Sasa hakuna awezaye kulichomoa.