Asili na Nakala katika Makumbusho ya Rodin

Mgeni aingiaye katika bustani ya Makumbusho ya Rodin, jijini Paris, hukabiliwa na Lango la Jahanamu, kazi ya shaba nyeusi yenye kimo cha zaidi ya meta 6. Huitazama akiamini kwamba yu mbele ya kazi ya mkono wa Auguste Rodin. Imani hiyo ina ukweli nusu. Rodin aliagizwa na serikali ya Ufaransa kuitengeneza mwaka 1880. Aliifinyanga na kuipanga upya kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1917 bila kuiona katika shaba. Ilisubiwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1920, kutokana na mfano wa jasi.

Je, hiyo ni asili au nakala? Mwaka 1916 Rodin alilipa taifa kazi zake pamoja na haki ya kuzitoa upya. Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1919, yangali yakiitumia haki hiyo, na mauzo ya sanamu hizo ni sehemu ya mapato yake. Sheria ya Ufaransa huhesabu sanamu za kusubu zisizozidi 12 za kila kazi kuwa asili. Hata hivyo, idadi huzuia wingi tu. Haielezi ni nani aliyeamua rangi ya shaba wala ung'avu wa uso wake. Maamuzi hayo ni tafsiri, na kila tafsiri ina mwenyewe.

Yaweza kudaiwa kwamba hata enzi za uhai wake Rodin aliwaachia mafundi wengine kazi ya kusubu shaba na kuchonga marumaru. Ni kweli, lakini alipokuwa hai aliweza kuikataa kazi yao. Maiti hakatai.

Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili si mgeni wa tatizo hili. Tenzi nyingi za kale zimehifadhiwa katika miswada ya wanukuzi, si ya watunzi wenyewe. Mhakiki makini hazitupi kwa sababu hiyo; huuliza nani alinukuu, lini, na kutoka mswada upi.

Sanamu nayo yastahili maswali hayo hayo. Hapana budi mwaka wa kusubiwa uandikwe sambamba na mwaka wa kubuniwa, kwa herufi za ukubwa ule ule, popote kazi za Rodin zionyeshwapo. Kufanya hivyo hakumpunguzii Rodin heshima. Humwondolea dhamana ya maamuzi asiyoyafanya.