Mtandao hamna, kifurushi kinaisha!

Wadau, hii ni haki kweli? Hapa Kibada, Kigamboni, nimenunua kifurushi cha intaneti cha siku 7. Siku 3 mtandao haukuwepo. Huduma kwa wateja wanasema "zima simu, washa." Siku ya 7 ilipofika, kifurushi kikakatwa palepale. Kwenye kukata, mitambo yao haikosei hata dakika!

Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, tukaelewa. Mnara wa mtaani je?

Siku zisizo na mtandao zirudishwe zenyewe, bila kuombwa. Utaratibu unataka uanze kulalamika kwa kampuni, ukikwama uende TCRA. Nani atavuka pantoni kudai buku tatu? Wanalijua hilo. Mimi barua nimeshapeleka.