Mercedes kuukuu: hazina au chuma chakavu?

Motokaa ya kifahari huwa na maisha mawili. Maisha ya kwanza ni mafupi, nayo yamejaa heshima. Huoshwa kila asubuhi, hufunguliwa lango kabla haijapiga honi, na watu husogea kando ipite. Maisha ya pili ni marefu na ya fedheha. Hupigwa mnada, huuzwa mara ya tatu na ya nne, na mwisho huegeshwa nyuma ya gereji, magurudumu yameng'olewa, bodi imekalishwa juu ya matofali na kuku wanataga chini yake. Swali linalobishaniwa na wapenzi wa magari ni kama baadhi ya motokaa hizo zinastahili maisha ya tatu, yaani kutunzwa kama hazina ya kale.

Mfano unaofaa kupimia swali hilo ni Mercedes-Benz ya daraja la S ambayo kiwanda kiliipa namba W126. Saluni hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1979, na iliundwa Ujerumani hadi mwaka 1991. Wenye umri wa kutosha wanaifahamu kwa sura hata kama hawaijui namba yake: ndefu, pana, yenye ukanda wa plastiki ubavuni na nyota juu ya boneti. Je, hiyo ni hazina, au ni chuma chakavu kinachosubiri kuyeyushwa?

Kuhusu umri, hapana ubishi tena. Ujerumani, tangu mwaka 1997, gari lililotimiza miaka 30 likiwa bado katika hali yake ya asili laweza kupewa namba maalumu yenye herufi H, kuonesha kwamba ni gari la kihistoria. W126 ya mwisho kutoka viwanda vya Ujerumani ilifikisha umri huo mwaka 2021. Lakini sheria hiyo haitaki umri peke yake. Inataka pia hali ya asili. Umri hauna gharama. Kila kitu kinachoachwa mahali kinaupata. Hali ya asili ndiyo inayogharimu jasho.

Kuhusu ufundi, motokaa hiyo ina hoja nzito. Wabunifu wake, chini ya uongozi wa Bruno Sacco, Mwitaliano, walifanya kazi yao baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 kuutikisa ulimwengu. Kwa hiyo waliifanya iwe nyepesi zaidi na ipenye upepo kwa urahisi kuliko ile iliyoitangulia. Breki zinazozuia magurudumu yasijifunge ghafla, ambazo zilianza kutolewa katika saluni iliyoitangulia mwaka 1978, ziliendelezwa humo. Kuanzia mwaka 1981 mnunuzi aliweza kuagiza mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya dereva wakati wa ajali. Vifaa hivyo vilianza kama anasa ya matajiri. Leo vimo katika magari madogo ya watu wa kawaida. Anayeihifadhi W126 kwa hiyo hahifadhi viti vya ngozi tu. Anahifadhi ukurasa wa historia ya usalama barabarani.

Hata hivyo, wako wanaopinga, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni ya idadi. Saluni za W126 zilizoundwa zinapita 800,000. Wapinzani hulinganisha idadi hiyo na ile ya Mercedes 600, iliyoundwa kuanzia mwaka 1963 hadi 1981 na kufikia 2,677 tu, nayo ikapendwa na watawala wa kila namna, akiwamo Tito wa Yugoslavia na Mobutu wa Zaire. Hiyo, wanasema, ndiyo adimu. Kitu kilichofurika duniani kitakuwaje hazina?

Jibu ni kwamba idadi iliyotoka kiwandani si idadi iliyobaki, na motokaa ya kifahari ina kanuni yake ya kufa. Bei ya kuinunua hushuka upesi. Gharama ya kuitunza haishuki. Mnunuzi wa tatu hulipa bei ya gari dogo, kisha hugundua kwamba gari lenyewe halijui kuwa limeshushwa cheo. Injini ya silinda nane, kama ile ya lita 5.5 iliyofungwa katika 560 SEL, huendelea kunywa petroli kama lilivyokuwa likinywa kwa fedha za kampuni au za serikali. Kipuri halisi kina bei ileile kwa mkurugenzi na kwa karani. Basi mwenye gari huahirisha matengenezo. Kifaa cha kupozea injini huzibwa kwa gundi, waya huunganishwa ovyo, na kutu huachwa ile chini ya mazulia mpaka sakafu itoboke. Kwa njia hiyo maelfu yamekwisha kuteketea. Uzembe wa wengi ndio unaoyafanya machache yaliyotunzwa kuwa adimu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kisiasa. Afrika Mashariki haikuitazama Mercedes-Benz kama gari tu. Ililiangalia kama tabaka. Baada ya Uhuru watu walibuni jina la wabenzi, kana kwamba limezuka kabila jipya lisilo na lugha wala mila isipokuwa nyota ile juu ya boneti. Jina hilo lilikuwa kejeli ya makabwela dhidi ya wakubwa waliojisahau. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni za kibepari, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba za kupangisha. Nalo lilizaliwa kutokana na hofu hiyohiyo ya viongozi kugeuka mabwanyenye juu ya migongo ya wakulima na wafanyakazi. Kwa nini basi, wanauliza wapinzani, alama ya ubwanyenye itunzwe kwa kitambaa laini na mafuta ya kung'arishia?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1990, na waliolijibu walikuwa wafanyakazi. Nelson Mandela alipotoka kifungoni mwezi Februari mwaka huo, wafanyakazi wa kiwanda cha Mercedes-Benz kilichoko East London, Afrika Kusini, waliokuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa vyuma, NUMSA, waliamua kumpa zawadi. Kampuni ilitoa vipuri. Wao wakatoa kazi yao, saa za ziada bila malipo. Waliunda 500 SE ya rangi nyekundu, nayo ni W126. Mwezi Julai walimkabidhi Mandela katika uwanja wa michezo wa Mdantsane, mbele ya umma. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa kiwanda hichohicho walianza mgomo uliodumu wiki tisa.

Mambo hayo mawili hayapingani. Watu walewale waliounda kwa mikono yao gari ambalo mshahara wao usingeliweza kulinunua, walitaka dunia itambue mikono hiyo, na walitaka pia haki yake. Leo motokaa ile nyekundu imewekwa katika Makumbusho ya Apartheid mjini Johannesburg. Haikuwekwa pale kwa sababu ya ngozi ya viti vyake, wala kwa sababu ya bei yake. Iliwekwa kwa sababu inajulikana ni nani walioiunda, kwa ajili ya nani, na kwa nini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Saluni kuukuu ya kifahari haiwi hazina kwa kuzeeka, wala kwa kuwa iliwahi kuwa ghali. Inakuwa hazina inapobeba habari inayoweza kuthibitishwa, na inapopata mtu wa kuilinda habari hiyo. W126 mbili zenye rangi moja na umri mmoja zaweza kusimama bega kwa bega, moja ikawa ya makumbusho na nyingine ya kuyeyushwa. Tofauti yao ni kadi ya gari, daftari la matengenezo, injini iliyozaliwa nayo, na kumbukumbu ya safari zake.

Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza ni la mtu binafsi. Mwalimu au mtumishi anayekaribia kustaafu asidanganywe kwamba Mercedes kuukuu ya mnadani ni njia ya mkato ya utajiri. Anayeinunua kwa kuipenda, akiwa na fundi mwaminifu na subira, atapata furaha yake. Anayeinunua kwa tamaa atapata wadai. Motokaa isiyo na nyaraka, iliyobadilishwa injini na kupakwa rangi juu ya kutu, haitakuwa hazina hata ikikaa miaka 100.

Funzo la pili ni la ofisi za umma. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi, likiwamo Rolls-Royce lililomhudumia Mwalimu Nyerere, na watoto wa shule huyatazama na kuuliza maswali ambayo kitabu peke yake hakiyaamshi. Lakini magari mengine mengi yaliyobeba historia hupita mnadani kama meza zilizovunjika miguu, na madaftari yake huishia kufungia karanga. Afisa anayeandika orodha ya mali za kuuzwa hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: gari hili lilimbeba nani, kwenda wapi, mwaka gani? Likiwa na jibu, daftari lake na lisitupwe, hata kama gari lenyewe litauzwa.

Wabenzi wanapita, kama vyeo vyote vinavyopita. Kilichobaki mikononi mwetu ni chuma na karatasi. Vikitunzwa pamoja vitawasimulia wajukuu jinsi wakubwa walivyopanda, na jinsi wafanyakazi walivyounda. Vikitenganishwa, chuma kitaliwa na kutu na karatasi zitaliwa na mchwa, na hakuna atakayebaki na cha kusimulia.