Barazani Petu: Mabano Katika Injili ya Marko

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ambayo wengi wetu huiogopa, nayo ni hii: je, maneno tuyasomayo katika Agano Jipya ndiyo yale yaliyoandikwa na watu wa kwanza, au yameharibika njiani?

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja, katika darasa la ubatizo, kijana mmoja aliinua mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona katika sura ya mwisho ya Marko, tangu mstari wa 9 hata wa 20, maneno yametiwa ndani ya mabano? Ni nani aliyeyatia, na kwa sababu gani?" Sisi hatukuwa na jibu, tena tuliona haya kusema kwamba hatunalo. Basi tukamkemea, tukamwambia ya kuwa maswali ya namna ile ni mlango wa Shetani. Kijana akaketi kimya. Jumapili mbili alikuja, ya tatu hakuja. Baba yake alipomwuliza, alijibu, "Ikiwa mwalimu anaficha, basi kipo kitu cha kufichwa." Neno hilo lilituchoma moyo, kwa kuwa lilikuwa la haki. Ndipo tulipoondoka kwenda kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Agano Jipya la Kiyunani lilitolewa kwa chapa mara ya kwanza mwaka 1516. Kabla ya hapo, kila nakala ilitoka katika mkono wa mtu. Na mkono huchoka, na jicho huruka mstari. Karatasi zile zenyewe walizoziandika Marko na Paulo hazipo tena. Zilizopo ni nakala, na nakala za nakala. Tena nakala hizo hazilingani katika kila neno. Mambo haya ni kweli, wala haifai kuyakana mbele ya watoto wetu.

Lakini hebu sikilizeni, ninyi walimu, maana mtatuelewa upesi. Mwalimu huwasomea imla watoto thelathini, kisha kitabu chake kikapotea. Je, maneno yake yamepotea? Hasha. Kusanyeni madaftari yote thelathini. Huyu ameruka neno hapa, yule amekosa herufi kule, lakini hawakukosa wote mahali pamoja. Mkiyalinganisha, kosa la mmoja litafunuliwa na madaftari ya wengine. Na mkiona watoto watano wa ubao mmoja wamekosa neno lile lile kwa namna ile ile, mtajua kwamba walitazamiana. Basi mtawahesabu kuwa shahidi mmoja, si watano. Hivyo ndivyo wafanyavyo wataalamu wa nakala za kale. Hawahesabu wingi tu, bali hupima umri wa kila nakala na ukoo wake.

Na madaftari ya Agano Jipya si thelathini. Nakala za Kiyunani zilizoandikwa kwa mkono, nzima na vipande, zapita 5,000, mbali na tafsiri za kale za Kilatini, Kisiria na Kikopti cha Misri. Kipo kipande kidogo cha karatasi ya mafunjo, kilichonunuliwa Misri mwaka 1920, ambacho sasa kimewekwa Manchester, Uingereza. Mwaka 1935 mtaalamu Colin Roberts alikitangaza kuwa ni cha Injili ya Yohana, sura ya 18, pale Bwana aliposimama mbele ya Pilato. Wengi hukihesabu kuwa cha karne ya 2. Na katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai, kilionekana kitabu cha ngozi cha karne ya 4 chenye Agano Jipya zima. Kurasa zake zina masahihisho maelfu, kwa maana waandikaji walijua kwamba mkono wa mtu hukosa, nao walirudia kazi yao.

Wengine husema, "Huenda wakubwa walikaa baraza wakabadili yote." Na tuitazame habari ya Afrika yenyewe. Mwaka 180, mjini Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristo kumi na wawili wa mahali paitwapo Scilli waliletwa mbele ya liwali Saturninus. Liwali akauliza wana nini ndani ya sanduku lao. Mmoja wao, jina lake Speratus, akajibu kwamba ni vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Siku ile wote walihukumiwa kufa, wanaume saba na wanawake watano. Hata mwaka 303 Kaisari Diocletian akaamuru Maandiko yatafutwe na kuchomwa moto. Askari waliingia katika makanisa na nyumba, na vingi viliteketea. Walakini Kaisari mwenye majeshi yote hakuweza kuvikusanya vyote, maana vilikuwa vimekwisha kutawanyika Misri, Shamu, Afrika na Rumi. Ikiwa yeye alishindwa kuvikusanya ili avichome, ni nani aliyeweza kuvikusanya ili avibadili?

Sasa turudi kwenye mabano. Kile kitabu cha Sinai, na kingine cha karne ile ile kilichoko Vatikano, Rumi, vyote viwili humaliza Injili ya Marko kwenye mstari wa 8. Kwa upande wa pili, Irenaeus, askofu wa Lyon, alipoandika kadiri ya mwaka 180, alilitaja neno la mstari wa 19 kuwa la mwisho wa Marko. Basi maneno hayo ni ya zamani sana, lakini wataalamu wengi hudhani kwamba hayakuandikwa na Marko mwenyewe. Ndiyo sababu wachapaji huyatia mabano. Je, tumepokonywa nini? Habari ya kufufuka kwa Bwana imo katika mstari wa 6, nje ya mabano. Habari ya kupaa kwake imo katika Luka na katika Matendo ya Mitume. Mabano hayakuondoa imani yetu. Yametuonyesha kwamba waliotuletea kitabu hiki hawakutaka kutudanganya. Mwongo hatii alama mahali penye shaka.

Neno moja tena. Kunakili kwema hakutoshi kuthibitisha kwamba jambo lililoandikwa ni kweli; hata uongo waweza kunakiliwa vizuri. Kwa hiyo tazameni pia jinsi waandishi wenyewe walivyosema. Luka, katika mwanzo wa Injili yake, aeleza kwamba alichunguza habari zilizotoka kwa walioona kwa macho. Paulo, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, awataja zaidi ya watu mia tano waliomwona Bwana baada ya kufufuka, akaongeza kwamba wengi wao wangali hai. Waraka huo uliandikwa kadiri ya miaka ishirini na mitano baada ya msalaba. Mtu anayetunga uongo hawaelekezi wasikilizaji wake kwa mashahidi walio hai.

Basi, enyi wazazi na walimu, mtoto akiuliza, msimkemee. Mkijua, mwambieni. Msipojua, semeni, "Hatujui, tutatafuta pamoja." Kusema hivyo hakumwondolei mtu heshima.

Nasi tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, tukamwambia mbele ya baba yake, "Mwanangu, tulikukosea. Swali lako lilikuwa jema." Kisha tukafungua Marko, tukamweleza haya yote hata taa ikapungua mafuta. Alisikiliza sana. Mwisho akafunua kurasa kwa kidole, akasema, "Mwalimu, na hapa katika Yohana, mwanzo wa sura ya 8, habari ya yule mwanamke aliyeletwa kwa Bwana? Napo pana mabano."

Tulicheka pamoja naye. Mungu akipenda, mwezi ujao tutaisema habari hiyo. Amani iwe nyumbani mwenu.